Kuku wa Uani: Mjadala wa Kilosa na Mikumi

Katika miji midogo ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, nyumba nyingi hufuga kuku. Hufunguliwa alfajiri, hushinda wakijitafutia, na jua likizama hurudi kulala jikoni, stoo, au katika kibanda cha mabanzi kilichoegemezwa ukutani. Chakula chao ni chenga za mahindi, pumba kutoka mashineni, ukoko wa ugali, mchwa na panzi, pamoja na chochote kilichochipua katika bustani ya jirani. Mjadala wa kuku wa mjini huanzia hapo, kwenye bustani ya jirani, kisha hupanuka hadi kwenye uchafu, kelele, maradhi, kipato cha akina mama, haki ya mpangaji, na uwezo wa halmashauri kumwambia mtu afuge nini ndani ya ua wake.

Hoja za mjadala huu zimepewa vinywa: Bwana Afya, Bwana Mifugo, Mfugaji ambaye ni mama mwenye nyumba, Jirani ambaye ni mzee mwenye bustani, Mama Lishe na Mwenye Nyumba ya Wageni wa Mikumi, na mwishoni Mpangaji. Si watu mahususi. Ni misimamo ambayo mtu huisikia katika mikutano ya vitongoji, vibarazani na mbele ya baraza la kata kuku wa mtu wanapokuwa wamemaliza mche wa mtu.

Miji yenyewe haifanani. Kilosa ni mji wa zamani, uliokulia kandokando ya Mto Mkondoa na reli ya kati, na bado ina mitaa ya nyumba za vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na ua mmoja nyuma unaotumiwa na kaya zote. Mikumi umekuzwa na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, na umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo kuna nyumba za wageni, maegesho ya malori, vibanda vya chipsi, na pori lililo karibu kuliko mgeni anavyodhani. Miji yote miwili iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa.

Bwana Afya ndiye hufungua mjadala, kwa kuwa malalamiko huishia mezani kwake. Msimamo wake ni kwamba mji una kanuni zake. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtaka aondoe kero zinazohatarisha afya za watu, na kinyesi cha kuku kwake ni kero. "Kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi cha karibu gramu 100 kwa siku," husema. "Mwenye kuku 20 ana kilo 2 kila siku, kilo 60 kwa mwezi, ndani ya ua wa hatua kumi kwa kumi. Mama, masika yakishuka, kinyesi hicho kinakwenda wapi?"

Swali hilo lina uzito wa pekee Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta lililokuwa likiukinga mji, ukakata reli, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Mafuriko hayachagui: vyoo, mabanda na visima vifupi vyote huwa maji ya aina moja. Bakteria wa salmonela na wale wa jamii ya kampilobakta, ambao kuku huwabeba tumboni bila kuugua, huwasumbua sana watoto wadogo kwa kuhara. Mtoto anayetambaa uani hushika kinyesi, kisha hutia mkono mdomoni. Hahitaji mafuriko ili aambukizwe. Katika yote yanayosemwa dhidi ya kuku wa uani, hili la mtoto anayetambaa ndilo zito zaidi, na ndilo linalotajwa kwa nadra kuliko yote.

Mfugaji hapingi hesabu ya kilo 60, anaipunguza. Gramu 100 ni za kuku wa mayai wa kisasa, anayelishwa kutwa ndani ya banda. Kuku wa kienyeji ana mwili mdogo, hula kidogo, na sehemu kubwa ya kinyesi chake hukiacha anakozurura. "Bwana Afya," hujibu, "kinacholala bandani kwangu nakizoa kila asubuhi nakipeleka kwenye migomba. Wenye bustani wananiomba." Jibu hilo ni la kweli nusu. Mbolea ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi, na mche uliowekewa ikiwa mbichi huungua, kwa hiyo hurundikwa kwanza ioze pamoja na maranda au majani makavu. Kile ambacho kuku hukiacha anakozurura nacho hakijatoweka. Kimehamia uani kwa mwingine.

Kabla ya kwenda mbali, Bwana Mifugo hukumbusha kwamba sheria ya Tanzania haikuwahi kuufukuza ufugaji mijini moja kwa moja. Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 ziliruhusu kilimo na mifugo ndani ya mji kwa mipaka: mtu mmoja asitumie zaidi ya ekari 3, na ng'ombe wa kufugia ndani wasizidi 4. Nyuma ya kanuni hizo kulikuwa na miongo miwili ya maisha magumu. Mwaka 1974, nchi ilipokuwa na njaa, serikali ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, na wakazi wa miji wakaambiwa walime kila penye nafasi. Miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi haukumfikisha katikati ya mwezi, na uani kwa walimu, wauguzi na makarani wa Dar es Salaam kukajaa mabanda ya kuku. Neno "mradi" likawa na maana ya kuku wa mama nyumbani. Serikali iliyoyaacha hayo yatokee isingeweza baadaye kuyaita uhalifu bila kuwaonea watu wake.

Kinachobaki ni sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo za usafi na mifugo katika eneo lake. Kwa hiyo jambo lenyewe liko mikononi mwa madiwani na wenyeviti wa vitongoji, watu ambao wananchi wanawafahamu kwa sura na wanaweza kuwabana.

Mfugaji ana hoja mbili ambazo wanaotaka marufuku huzipita haraka mno. Ya kwanza ni ya fedha ndogo. Katika kaya nyingi za wilaya hii ng'ombe na mbuzi ni wa baba, shamba la mahindi au ufuta huamuliwa na baba, lakini kuku ni wa mama na watoto. Kuuza kuku hakuhitaji kikao. Mtoto akirudishwa shuleni kwa sababu ya daftari au sare, au homa ikimpata mtu usiku, jogoo mmoja hukamatwa na kwenda sokoni au stendi kabla ya saa nne asubuhi, na shida ya siku hiyo huisha. Fedha ya namna hiyo hupatikana kwa vipande vinavyolingana na shida yenyewe. Anayemnyima mama wa mjini kuku wake anamnyima mali pekee ambayo hahitaji ruhusa ya mtu kuiuza, na ubaya huo haupungui kwa sababu umeandikwa kwa lugha ya usafi.

Hoja ya pili ni ya chakula. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, katika mizunguko mitatu au minne, kila mzunguko ukiwa na mayai kumi na kitu. Mengi hayaliwi, huachwa aatamie kwa siku 21. Anayetazama kutoka nje huona huko ni kupoteza, lakini mfugaji anajua kwamba yai moja lililoliwa ni kuku mmoja aliyekosekana. Hata hivyo yai huwa lipo karibu, na kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, ambaye chakula chake kikuu ni uji wa mahindi, yai mara mbili kwa wiki ni jambo kubwa.

Jirani husikiliza yote hayo kwa utulivu, kisha husema neno lake. "Mwenyekiti, mimi sijakataa mama asisomeshe watoto. Nauliza tu, kwa nini wasomeshwe na mchicha wangu?" Bustani yake ni matuta manne ya mchicha, matembele na nyanya nyuma ya nyumba, humwagiliwa kwa ndoo. Kuku watatu wakiingia kwa nusu saa huchakura tuta zima wakitafuta wadudu. Hawali mche mwingi, ila huufukua wote. Mfugaji hujibu kwamba mwenye bustani ndiye ajenge uzio. Jirani hujibu kwamba mwenye mnyama ndiye amfunge.

Katika wilaya nyingine yoyote mabishano hayo yangeonekana madogo. Kilosa ina kumbukumbu ya kwa nini yasidharauliwe. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulisababisha vifo vya watu 38. Ugomvi huo ulikuwa wa ng'ombe na mashamba, na chanzo kilikuwa kirefu: ardhi, maji, rushwa, na mamlaka zilizochelewa. Hakuna anayelinganisha msiba ule na tuta la mchicha. Lakini swali la msingi ni lilelile, la nani mwenye wajibu wa kuzuia, anayelima au anayefuga, na mahali ambapo mamlaka hazijalijibu waziwazi watu hujibu wenyewe. Kwa hiyo sheria ndogo inayosema tu kwamba kuku wanaruhusiwa, au hawaruhusiwi, haitoshi. Iseme uzio ni wa nani. Jibu linalofaa kwa mji, tofauti na kijiji chenye nafasi, ni kwamba wajibu ni wa mwenye kuku, kwa sababu viwanja vya mjini ni vidogo na mche hauwezi kusogezwa.

Suala la jogoo ndilo huchangamsha mkutano. Mwenye Nyumba ya Wageni wa Mikumi hulalamika kwamba dereva wa lori aliyelala saa sita usiku akiwa na safari ya Tunduma asubuhi huamshwa saa tisa na majogoo wa mtaa mzima, na mtalii aliyekuja kwa ajili ya simba huondoka akisimulia habari za majogoo. Anataka jogoo wakatazwe na mitetea wabaki. Hiyo ndiyo njia ya miji mingi ya Marekani Kaskazini: Vancouver, nchini Kanada, iliruhusu kuku wa nyumbani mwaka 2010, mitetea wasiozidi wanne, waliosajiliwa, bila jogoo. Wengine hupendekeza jogoo afunikwe gizani asijue kumekucha. Dawa hiyo haifanyi kazi vizuri. Mwaka 2013 watafiti Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake. Hata akiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika huendelea kuwika kwa mzunguko wa siku.

Mama Lishe ndiye huonyesha kwa nini kanuni ya Vancouver haifai Mikumi, na huionyesha kwa biashara yake. Mayai ya chipsi zake huyanunua kwa trei, na yametoka kwa wafugaji wa kuku wa mayai. Kuku wa supu na wa kuchoma, ambaye wateja wa barabarani huagiza kwa kumtaja kuwa wa kienyeji, hutoka uani kwa majirani zake. "Kaka yangu," humwambia Mwenye Nyumba ya Wageni, "bila jogoo hakuna kifaranga, na bila kifaranga miezi sita ijayo mimi na wewe tutawapa wageni nini?" Mkazi wa Vancouver hufuga ili apate yai la asubuhi, na mtetea hutaga hata asipomwona jogoo. Mkazi wa Mikumi hufuga ili apate kuku. Kumruhusu mitetea peke yake ni kumruhusu kitu ambacho hakukiomba. Kinachowezekana ni kupunguza idadi: jogoo mmoja hutosha mitetea kumi, na nyumba tatu zinazopakana zinaweza kumtumia huyohuyo. Majogoo wengi wa ziada mitaani ni wale wanaonenepeshwa wakisubiri sikukuu. Hao wanaweza kuwekewa kikomo bila kumdhuru yeyote.

Sehemu nyingine nzito ya mjadala inahusu mdondo, ambao wengine huuita kideri, na inastahili kuelezwa kwa nafasi. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake umelibeba katika vitabu. Husababishwa na virusi. Mfugaji yeyote wa Kilosa anazijua dalili bila kitabu: kuku husinzia pembeni na mabawa yameanguka, huhara kijani, hukoroma, na baada ya siku mbili tatu shingo hupinda hadi kichwa kikatazama nyuma. Katika banda ambalo halijachanjwa unaweza kuua kuku tisa kati ya kumi, na pengine wote. Husumbua zaidi miezi ya kiangazi. Kwa wafugaji wengi, hesabu yote ya daftari na sare iliyotajwa hapo juu hufutwa na wiki moja ya mdondo.

Tiba hakuna. Mwarobaini, pilipili kichaa na shubiri hutumiwa sana, na kuku aliyepona huhesabiwa kuwa aliponywa nazo, lakini virusi haviondolewi nazo. Kilichopo ni chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliokuwa wakiwafikiria kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko chanjo za awali, na hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo ni rahisi: mmoja hushika kuku kwa ubavu, mwingine husimamisha chupa wima juu ya jicho, hubonyeza, na husubiri kuku apepese kope kabla ya kumwachia. Hufanywa alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, au usiku wakiwa wamelala, kwa sababu kuku aliyekwishatoka kumkamata ni kazi ya nusu siku.

Kinachoifanya kazi hii rahisi kuwa ngumu ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi mwakani. Mwenye kuku wanane akiinunua peke yake hutumia matone manane na kumwaga mengine. Kwa hiyo hainunui. Bwana Mifugo husema bila kuficha: "Ndugu zangu, virusi havijui mpaka wa kiwanja. Ukichanja wewe na jirani asichanje, wako watapona lakini ugonjwa utabaki mtaani, na vifaranga wako watakaoanguliwa mwezi ujao ndio watakaoupokea." Baya zaidi ni linalofanyika ugonjwa unapoingia. Mwenye kuku anayeona mmoja amesinzia huwahi sokoni na waliobaki kabla hawajafa. Tenga hupanda basi au bodaboda, na ugonjwa husafiri nao hadi kitongoji kingine. Hafanyi hivyo kwa ubaya, anaokoa alichoweza. Lakini kila anayefanya hivyo huwaambukiza kumi.

Hapo ndipo hoja ya kumwacha kila mtu afuge atakavyo ndani ya ua wake inapovunjika, na hapohapo hoja ya marufuku nayo inavunjika. Kuku wa mjini, kwa upande wa maradhi, ni mifugo ya kitongoji kizima, hata kama kila mmoja ana mwenyewe. Mji ukipiga marufuku, watu hufuga kwa kujificha, hawajitokezi siku ya chanjo, na hawamwiti Bwana Mifugo kuku wanapoanza kufa. Mji ukiruhusu bila sharti, chupa hainunuliwi. Ruhusa yenye maana ni ile inayofungwa na chanjo: kitongoji kiwe na siku yake mara nne kwa mwaka, mwenye kuku achangie kwa idadi ya kuku, na asiyechanja ndiye asiwaachie kuku wake nje. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 tayari inawapa maofisa mifugo uwezo wa kudhibiti magonjwa. Kinachokosekana ni ratiba na mtu wa kushika chupa, na huyo anaweza kuwa kijana au mama yeyote wa kitongoji aliyefundishwa kwa siku moja.

Mafua makali ya ndege huletwa kwenye mjadala kila mara, kwa kuwa yana jina la kutisha. Tanzania iliwahi kuchukua hatua kali kwa ajili yake: mwaka 2006 ilizuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje, na Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya waliteketezwa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Uganda ilikuwa imethibitisha ugonjwa huo kwa ndege wa pwani ya Ziwa Victoria. Tahadhari ni ya lazima, lakini inayofaa ni ileile ya mdondo: kutoa taarifa mapema, kutouza kuku wagonjwa, kufukia mizoga. Kitongoji kilichozoea kufanya hivyo kwa mdondo hakitahitaji kujifunza upya.

Mikumi ina sura nyingine ambayo Kilosa haina kwa kiwango kilekile. Kuku wanaolala kwenye kibanda cha mabanzi ukingoni mwa hifadhi huita wageni. Kanu na nguchiro hupenya mwanya wa upana wa mkono; nyegere hafuati mwanya, huvunja ubao; chatu huingia usiku na asubuhi hukutwa bado yumo kwa sababu ameshiba na hawezi kutokea alikopitia. Mwenye kuku aliyepoteza vifaranga kumi huchukua rungu au huweka sumu. Sumu humuua kanu, kisha mbwa, kisha tai aliyekula mzoga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyama hao bila kibali, na kanuni za kifuta machozi na kifuta jasho zilitungwa kwa ajili ya hasara za wanyama wakali kama tembo na simba, hazikumfikiria kanu. Kwa hiyo mfugaji wa Mikumi hubaki na hasara isiyolipwa na hasira iliyokatazwa.

Kuna pia hatari inayokwenda upande wa pili. Virusi vya mdondo huwapata ndege wa aina nyingi, wakiwemo njiwa na kanga, na kanga wa porini hawajui mpaka wa hifadhi. Mzoga wa kuku unaotupwa kichakani nyuma ya nyumba za mwisho unaliwa na mnyama fulani wa porini. Wanaohimiza marufuku ya kuku ukanda huo wana sababu nzuri, ila suluhisho la bei nafuu lipo: banda lililoinuliwa kutoka ardhini kwa nguzo, sakafu ya mabanzi yaliyobanana, wavu wenye matundu madogo dirishani, mlango unaofungwa kwa komeo kila jioni. Banda hilo likiwa na mita mbili za mraba hutosha kuku wakubwa kumi kwa ajili ya kulala. Hulinda kuku, hulinda kanu, na kinyesi cha usiku mzima huanguka mahali pamoja. Kama kuna jambo moja ambalo halmashauri ingelilazimisha Mikumi bila kumwonea mtu, ni banda la kulala.

Kuku wa nyama 300 katika ua wa mjini ni suala jingine, na mjadala huharibika yanapochanganywa. Hiyo ni biashara. Harufu ya amonia kutoka katika maranda yaliyolowa, nzi, na gari la chakula kila wiki vinahitaji kibali, umbali kutoka nyumba za watu, na mahali pa kutupa mizoga. Chotara kama Kuroiler na Sasso, wanaosambazwa sana miaka ya karibuni, wako katikati: hukua haraka kuliko wa kienyeji, lakini hula zaidi na hawaatamii vizuri, na anayewaanza watano hujikuta na hamsini. Sheria ndogo itenganishe kwa idadi, na idadi ya 20 kwa kaya ni mpaka unaotekelezeka.

Miji mingine, ya jirani na ya mbali, imeshapita njia hii. Kampala ilitunga mwaka 2006 sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini, zenye vibali vya kufuga. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Toronto, Kanada, ilijaribu kuanzia 2018 kuruhusu mitetea wanne kwa nyumba katika baadhi ya maeneo, na mwaka 2023 ikausitisha mpango huo. Funzo la Kampala ndilo linalofaa kuangaliwa kwa karibu Kilosa: kibali kinachogharimu zaidi ya kuku mwenyewe hakiombwi na mtu maskini, na mwenye kuku wanane hatapanda ngazi za ofisi kuandikisha kuku wanane. Kuandikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, bure, siku ya chanjo, kungetosha.

Mwisho hunyanyuka Mpangaji, ambaye mkutano mzima ulikuwa umemsahau. Anaishi katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, Kilosa mjini. "Shikamoo Mwenyekiti. Nyote mnazungumza habari ya ua wangu na ua wako. Ua wetu ni mmoja, kaya ni sita, choo kimoja, na mwenye nyumba anaishi Morogoro. Kuku wangu wakinya mlangoni kwa mwenzangu, ni kosa la nani?" Hakuna sheria ndogo inayoweza kulijibu swali hilo kwa kila nyumba. Linaweza kujibiwa na mkataba wa pango, ambao kwa wengi ni wa mdomo: kila chumba kina haki ya kuku wangapi, banda litakaa upande upi na mbali kiasi gani na kisima na jiko, nani anafagia asubuhi, na kama yuko mtoto anayetambaa katika chumba chochote, kuku wote wafungiwe upande wao hadi atembee. Mwenye nyumba akikataa kuku, akatae kabla ya kupokea kodi.

Na mpangaji akihama, kuku wake ni wake. Kuku aliyehamishiwa mtaa wa karibu hurudi kulala kule alikozoea, na ugomvi mwingi wa wapangaji wa zamani na wapya hutokea hapo, mmoja akidai kuku na mwingine akidai kwamba amemlisha. Afungiwe katika banda jipya wiki moja hadi mbili, apewe maji na chakula humohumo, kisha afunguliwe jioni karibu na wakati wa kulala, asipate muda wa kwenda mbali.